Ignite ilivunjwa mapema, na hasara imewaangukia vijana wa Afrika

Septemba 2025 Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, kilimsajili Thierry Darlan, kijana wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyekwisha kucheza misimu miwili ya kulipwa katika G League, ligi ndogo ya kikapu iliyo chini ya NBA, ligi kuu ya Marekani. Mwezi uliofuata London Johnson, naye wa G League, akatangaza kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Louisville. Mwaka ulipokaribia kwisha Chuo Kikuu cha Baylor kikamchukua James Nnaji, Mnigeria ambaye jina lake lilikuwa limeshaitwa mwaka 2023 kwenye drafti ya NBA, yaani siku ambayo klabu huchagua wachezaji wapya. Makocha wa vyuo wamewaka kwa kuona wachezaji waliokwisha kulipwa wakiingia vyuoni, Tom Izzo wa Michigan State akiwa mstari wa mbele. Huku kwetu, kwenye makundi ya wapenzi wa kikapu, gumzo limechukua njia nyingine. Darlan na Johnson wote walipitia Ignite, timu ya G League iliyowalipa vijana wakisubiri drafti, iliyodumu miaka minne tu na kuvunjwa mwaka 2024. Basi watu wanasema: mmeona sasa? Vijana walipotezewa muda. Wangekwenda chuo tangu mwanzo, na chuo sasa kinalipa, kwa hiyo Ignite ilikuwa kosa na kufa kwake hakujamdhuru mtu.

Hukumu hiyo ina ukweli nusu, na hiyo nusu ni ya Wamarekani. Kwa kijana wa Texas au Georgia mwenye miaka 18 ni kweli kwamba vyuo vikubwa sasa vinaweza kumlipa kuliko Ignite ilivyowahi kumlipa mtu. Lakini Ignite haikuwa ya Wamarekani peke yao, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kujaa wageni. Hao wageni walipata kwayo kitu ambacho chuo hakijaweza kuwapa waziwazi hadi leo: mkataba wa kazi, wenye mshahara ulioandikwa, usiogombana na sheria za uhamiaji. Ninachosema ni kwamba timu hii ilivunjwa siku ilipoacha kuwa na faida kwa Wamarekani, wakati kwa kijana wa Goma, Bangui au Dakar ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuwa na maana.

Ili hoja isimame inabidi turudi nyuma kidogo. Tangu mkataba wa pamoja wa 2005 kati ya NBA na wachezaji wake, NBA haimpokei kijana mpaka awe wa miaka 19 na, kama ni Mmarekani, uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Enzi za Kevin Garnett, Kobe Bryant na LeBron James, waliotoka sekondari wakaingia NBA moja kwa moja, zikaishia hapo. Mwaka huo mmoja wa kusubiri ndio uliozaa biashara nzima. Chuo kilimpokea kijana, kikajaza ukumbi, kikauza haki za televisheni, kikamlipa kocha mamilioni ya dola. Mchezaji akapewa karo, malazi na chakula, kwa hoja kwamba yeye ni wa ridhaa. Akibainika amepokea bahasha nje ya utaratibu, anafungiwa yeye.

Njia ya pili ilikuwa ligi ndogo. Ilianza 2001 na timu 8 za kusini-mashariki mwa Marekani, ikaitwa D-League, na tangu 2017 ikaitwa G League baada ya kampuni ya Gatorade kuweka jina lake. Watanzania wengi tuliijua Februari 2010, Memphis Grizzlies walipomtuma huko Hasheem Thabeet, chaguo namba 2 la drafti ya mwaka uliotangulia, akacheze Dakota Wizards. Kwetu ilionekana kama kushushwa cheo, na kwa kweli ndivyo ligi ile ilivyotazamwa hata Marekani: mahali pa kwenda ukiwa umekwama. Mshahara wa kawaida hata kufikia 2019 ulikuwa dola 35,000 kwa msimu. Mwaka 2018 ligi ilitangaza mkataba maalumu wa dola 125,000 kwa vijana wenye vipaji vikubwa waliotoka sekondari, lakini nyota wenyewe hawakuugombania. Mwaka 2019 LaMelo Ball akaenda Australia kuchezea Illawarra Hawks, na RJ Hampton akaenda New Zealand Breakers, timu zilizo katika ligi moja iliyokuwa imeanzisha mpango wa kuwavuta vijana kama wao. NBA ikawa inaangalia mali yake ya kesho ikivuka bahari.

Kwa hiyo tusiivishe Ignite kanzu nyeupe. Haikuanzishwa kwa huruma. Ilianzishwa ili vijana wasikimbilie Australia, wafundishwe chini ya macho ya ligi, na wauzwe kwenye televisheni kabla ya drafti. Aprili 2020 Jalen Green, aliyetajwa kuwa kijana bora wa sekondari nchini mwake, akakubali. Iliripotiwa kwamba mkataba wake ulizidi dola 500,000, na juu yake akaahidiwa ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Arizona State wakati wowote atakapoutaka. Kocha akawa Brian Shaw. Wakongwe kama Jarrett Jack na Amir Johnson waliwekwa kikosini, kazi yao kubwa ikiwa kuwaonyesha watoto namna mtu mzima anavyoishi na kazi hii: muda wa kulala, chakula, namna ya kumsikiliza kocha ukiwa na hasira.

Mazoezi yalianzia Walnut Creek, California. Kwa sababu ya korona, msimu wa kwanza ulichezwa Florida, ndani ya eneo la Disney, timu zote zikiwa zimefungiwa mahali pamoja mwanzoni mwa 2021. Ignite ikashinda mechi 8 na kupoteza 7, ikaingia mchujo. Green akachaguliwa wa 2 kwenye drafti ya mwaka huo. Wa 7 akawa Jonathan Kuminga.

Kwa Kuminga inafaa tutulie. Alizaliwa Goma Oktoba 2002, miezi tisa baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya mji huo, akaondoka kwenda Marekani mwaka 2016 akiwa mtoto wa miaka 13. Katika msimu wake pekee wa Ignite alikuwa na wastani wa pointi 15.8. Mwaka mmoja baada ya drafti alikuwa na pete ya ubingwa akiwa na Golden State Warriors. Kuna wanaosema angefika huko kwa njia yoyote, na huenda ni kweli. Lakini njia aliyoipitia ilimpa mshahara akiwa na miaka 18, kwa jina lake, kwa kazi aliyoifanya. Hakupita mlango wa nyuma, na hakulazimika kusubiri jaji au ofisa wa uhamiaji amwambie kama pesa yake ni halali.

Sasa tuzipime hoja za wanaosema Ignite ilikuwa hasara tupu. Hoja inayorudiwa zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote: msimu wa mwisho, 2023-24, timu ilishinda mechi 2 na kupoteza 32. Matokeo mabaya kweli, hakuna wa kuyatetea. Lakini hebu tujiulize timu ile iliundwa ifanye nini. Kikosi kilijaa watoto wa miaka 18 na 19 waliopangwa usiku baada ya usiku dhidi ya wanaume wa miaka 25 wanaocheza wapate kodi ya nyumba. Na kutoka kwenye kikosi hicho hicho cha mechi 2, Ron Holland alichaguliwa wa 5, Matas Buzelis wa 11 na Tyler Smith wa 33. Kuihukumu Ignite kwa msimamo wa ligi ni sawa na kumlaumu mama lishe kwa kuwa ameshinda na njaa huku masufuria yote yametoka matupu. Kwa drafti nne timu hiyo ilitoa wachezaji 13, sita kati yao wakiwa ndani ya nafasi 14 za mwanzo. Timu chache za vyuo zinaweza kuweka orodha hiyo mezani kwa kipindi hicho bila kuona haya.

Hoja ya pili ina uzito, na sitaipita kwa haraka. Inasema kwamba Ignite iliwatoa vijana wakiwa na sifa lakini hawajaiva. Scoot Henderson, aliyeingia na miaka 17 na kuchaguliwa wa 3 mwaka 2023, alianza NBA kwa kuyumba. Green alifunga sana akiwa Houston huku timu yake ikipoteza sana. Wakosoaji wanasema kijana aliyezoea mechi zisizo na maana, mbele ya viti vitupu, kocha wake hawezi kumweka benchi kwa kuwa ameletwa ili aonekane, hajifunzi kucheza kikapu cha kushinda. Kuna ukweli hapo. Chuo kama Duke au Kentucky humpa mtoto kitu ambacho Ignite haikuwa nacho: usiku ambao kosa lako moja linaliza watu elfu ishirini. Hata hivyo ukifuata hoja hii hadi mwisho, itakubidi umweleze Dyson Daniels, Mwaustralia aliyepitia Ignite, akachaguliwa wa 8, na msimu wa 2024-25 akiwa Atlanta akaongoza NBA yote kwa kupora mipira na kutwaa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Ulinzi ni tabia ya mchezo wa kushinda, na yeye aliingia nayo. Nadhani haki ni kusema kwamba Ignite haikumharibu wala kumtengeneza mtu kwa kiwango kinachodaiwa. Ilimpa mwaka mmoja wa kulipwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo isiyosikika tena. Kijana aliyesaini Ignite alikuwa amefunga mlango wa chuo. Akikosa drafti, hana pa kurudi. Michael Foster alikosa, Daishen Nix alikosa, Izan Almansa wa Hispania alikosa; wengine waliendelea na kikapu ng'ambo au kwenye ligi ndogo, lakini chuo kilikuwa kimeshakatazwa kwao. Mzazi mwenye busara alikuwa na haki ya kuogopa. Wakati ule, kama ungeniuliza, ningekuambia hii ndiyo sababu pekee ya maana ya kukataa ofa ya Ignite. Na hapo ndipo habari ya Darlan na Johnson inaposomwa kinyume. Watu wanaitumia kuizika Ignite, wakati habari hiyo hiyo imeondoa hatari kubwa iliyokuwa ndani yake. Leo kijana anaweza kulipwa ligi ndogo na bado chuo kikampokea. Kama Ignite ingekuwa hai mwaka huu, ingekuwa ofa bora kuliko ilivyokuwa siku Jalen Green anasaini.

Kwa nini basi ilikufa? Majibu yanaanzia mahakamani. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya Alston kuhusu mipaka ya kile ambacho chuo kinaweza kumpa mwanamichezo. Siku chache baadaye, Julai mosi, NCAA ikaruhusu wachezaji kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha maafikiano ya kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 za fidia kwa wachezaji wa zamani, na ruhusa kwa kila chuo kugawa hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa wanamichezo wake wa sasa. Ridhaa ikabaki jina. Kamishna Adam Silver alikuwa ameshadokeza mapema, kwenye mechi ya nyota wote huko Indianapolis Februari 2024, kwamba hali ya vyuo inawalazimu kuifikiria upya Ignite. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba msimu huo ndio wa mwisho.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Sababu ya pili ni kwamba Ignite haikuwa ya mtu. Karibu timu nyingine zote za G League zina klabu mama ya NBA. Ignite ilikuwa mali ya ofisi ya ligi. Ilihama kutoka California hadi eneo lile la kufungiwa la Florida, kisha Nevada, ikatua Henderson nje kidogo ya Las Vegas, kwenye ukumbi wa watu elfu tano hadi sita. Usiku wake mkubwa kuliko yote, Oktoba 4, 2022, ulikuwa mechi ya maonyesho: Scoot Henderson na wenzake dhidi ya Metropolitans 92 ya Ufaransa. Victor Wembanyama alifunga pointi 37, Scoot akajibu kwa 28, Ignite ikashinda 122 kwa 115, na ukumbini walijaa maskauti wa NBA. Kesho yake dunia nzima ya kikapu ilikuwa inazungumza habari za Wembanyama. Hata siku ya harusi yake, bibi harusi alikuwa mwingine. Linganisha na Capitanes wa Mexico City, timu nyingine ya G League isiyo na klabu mama. Nayo ilianza kwa kuhangaika, ikaweka makao ya msimu wake wa kwanza Fort Worth, Texas, kwa sababu ya korona, lakini ilipofika nyumbani 2022 ilipata jiji, lugha, na watu wanaoinunua jezi yake. Kijana bora asipokuja mwaka huu, Capitanes bado ni Capitanes. Ignite ilikuwa na wateja wa aina moja tu, yaani vijana bora wa sekondari za Marekani, na walipoacha kuja hakukuwa na mtu wa kuandamana.

Lakini wageni walikuwa bado wanakuja, na hili ndilo linalofichwa na simulizi la kawaida. Tangu mwanzo kulikuwa na Princepal Singh wa India na Kai Sotto wa Ufilipino, ingawa Sotto aliondoka kabla ya kucheza. Baadaye wakaja Fanbo Zeng wa China, Efe Abogidi wa Nigeria, Leonard Miller wa Kanada, Sidy Cissoko wa Ufaransa, Almansa wa Hispania. Msimu wa mwisho walikuwepo Darlan na Babacar Sane wa Senegal, wote wawili wakitokea chuo cha vipaji cha NBA kule Saly, Senegal. Yaani ile njia ambayo NBA imekuwa ikiihubiri Afrika tangu ilipofungua chuo hicho, mtoto aonekane, alelewe, alipwe, aendelee, ilikuwa imepata daraja lake la katikati. Daraja likavunjwa kwa sababu Wamarekani wamepata njia ya lami.

Wanaosema vyuo vimeziba pengo hilo hawajamtazama Oscar Tshiebwe. Huyu ni wa Lubumbashi. Msimu wa 2021-22 akiwa Kentucky alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akazoa tuzo za mchezaji bora wa vyuo nchini. Wenzake Wamarekani walikuwa wanasaini matangazo. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, ambayo inamruhusu kazi chache tu, hasa ndani ya chuo na kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupiga tangazo la biashara kwa malipo akiwa kwenye ardhi ya Marekani kungeweza kumharibia viza. Suluhisho lilipatikana Agosti 2022, Kentucky ilipokwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Huko, nje ya mipaka ya Marekani, mchezaji bora wa vyuo akafanya shughuli zake za kibiashara haraka haraka kati ya mechi na mechi, na iliripotiwa wakati ule kwamba safari ile ingeweza kumwingizia hadi dola nusu milioni. Watu waliisifu kama ujanja mzuri, na ujanja ulikuwepo. Ila fikiria maana yake: mtu anajaza ukumbi wa Lexington, nyumbani kwa Kentucky, majira yote ya baridi, halafu inabidi apande ndege hadi kisiwani ili aruhusiwe kulipwa.

Wakongo wawili, kutoka miji miwili ambayo Kiswahili ni lugha ya soko na ya uwanja. Wa Goma alisaini mkataba wa kazi, akalipwa hapo hapo. Wa Lubumbashi, mwenye tuzo kubwa zaidi ya umri wake, akalipwa Bahamas. Tshiebwe hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2023. Aliingia G League na kuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi hiyo msimu uliofuata. Sisemi Ignite ingembadilishia hatima. Ninasema miaka yake ya thamani kubwa sokoni ilipita akiwa mahali ambapo sheria haikumruhusu kuiuza ipasavyo.

Jibu la upande wa pili ni kwamba mambo yamebadilika tangu 2022. Vijana wa Ulaya wanamiminika vyuoni kwa fedha ambazo klabu zao haziwezi kuzifikia, na ni wageni vile vile. Mawakili wanasema ukimkodishia mtu haki ya jina lako bila kufanya kazi yoyote, hayo si malipo ya kazi, kwa hiyo viza haiguswi. Hoja hii ina akili, na vyuo vingi vinaitumia. Udhaifu wake ni kwamba imesimama juu ya ukimya wa serikali. Maafikiano ya House hayakugusa sheria za uhamiaji. Jaji wa kesi za ushindani wa biashara hawezi kutoa viza. Kijana wa Madrid au Belgrade ana wakala mzoefu, klabu iliyomlea na ligi ya nyumbani inayolipa, kwa hiyo mambo yakimgeukia anapanda ndege kurudi kazini. Kijana wa Bangui akipoteza viza amepoteza kila kitu kwa mkupuo mmoja: shule, timu, kipato na mahali pa kulala.

Na viza hupotea. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Kawempe jijini Kampala, akapitia Saly na kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, hadi City Oilers ya Uganda mwaka 2024. Mwaka huo huo akaenda Duke. Aprili 5, 2025, siku ile ile Duke inashuka uwanjani San Antonio kucheza nusu fainali ya taifa, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza kufuta viza zote za wenye hati za kusafiria za Sudan Kusini, kwa ugomvi wa kidiplomasia usiomhusu yeye hata kidogo. Chuo kikalazimika kutoa taarifa kwamba kinalifuatilia suala hilo. Maluach alicheza, na miezi miwili baadaye akachaguliwa wa 10 kwenye drafti. Kwake iliisha salama. Viza ya kazi nayo ingefutwa kwa tangazo lile, nakiri. Mkataba haumkingi mtu na siasa. Lakini mwenye mkataba wa mwaka mzima angalau ana mshahara wa kudai na mwajiri wa kumdai.

Mzazi mmoja wa hapa Dar es Salaam, mwenye kijana mrefu anayecheza kati, aliwahi kuniuliza kama ni kweli siku hizi ukipata chuo Marekani unalipwa mamilioni. Amesikia hivyo kwa watu wanaojiita mawakala. Hatari ya simulizi hili la "vyuo vimechukua kazi ya Ignite" ni kwamba linafika kwetu likiwa limenyolewa sehemu ya viza. Mawakala hao huuza ndoto kwa bei ya fedha za Kitanzania, na mtoto anakwenda kugundua akiwa huko kwamba kinachowezekana kwa mwenzake wa kitanda cha pili kwake ni suala la kuuliza wakili.

Je, Ignite irudishwe kama ilivyokuwa? Hapana. Timu isiyo na mji itakufa tena kwa ugonjwa ule ule. Wala sidhani timu ya Afrika inaweza kuwekwa G League kama Capitanes. Kutoka Kigali hadi Sioux Falls, Marekani, si safari ya kufanya kila wiki. BAL, iliyoanzia Kigali Mei 2021, ni jambo zuri, ila msimu wake ni wa miezi michache na haujafikia kumlipa kijana mwaka mzima ili aache kutamani mlango wa chuo. Kinachowezekana ni kidogo na cha bei nafuu. G League ina timu 31. NBA ilikuwa na uwezo wa kumlipa Jalen Green nusu milioni ili asiende Australia. Inaweza kuweka mikataba michache ya vijana wa nje, wenye miaka 18 hadi 20, ndani ya timu zilizopo tayari zenye klabu mama, makocha na miji, kwa mshahara unaozidi ule wa kawaida. Darlan mwenyewe alipoondoka Ignite alicheza timu za namna hiyo, kwa hiyo njia inajulikana. Kilichokosekana ni malipo ya kumfanya asiitazame kama mahali pa kusubiria.

Na wakati upo. Mkataba wa pamoja wa sasa kati ya NBA na wachezaji unaweza kufikishwa mwisho baada ya msimu wa 2028-29, na mazungumzo ya namna hiyo huanza mapema kuliko yanavyotangazwa. Kanuni ya umri itakuwa mezani kama kawaida, na itajadiliwa kwa kumfikiria mtoto wa Atlanta na wa Los Angeles. NBA Africa ina ofisi Nairobi, Dakar, Lagos, Johannesburg na Cairo, na wanaokaa humo hufika kwenye mashindano yetu, hupiga picha na viongozi wa mashirikisho, hutoa mipira. Mashirikisho ya Kinshasa, Kampala, Kigali na Dar es Salaam yanaweza kuwapelekea barua ya ukurasa mmoja yenye madai mawili: nafasi za mikataba kwa vijana wa nje katika G League ziandikwe ndani ya mkataba ujao, na klabu inayomchukua kijana imwombee viza ya kazi yenyewe, kwa gharama yake.